Mgeni Aliyezimika Shingoni Mwangu

Mliniacha nimeketi kwenye kigoda changu, nyuma ya duka la sonara, lulu kiganjani na neno "mwizi" masikioni. Bado nimeketi pale pale. Miguu tu ndiyo haitaki kutulia.

Kwa wewe uliyenikuta leo, sogea nikueleze kwa ufupi, wenzako wasichoke kungoja.

Kazi yangu ni kutunga lulu. Uzi wa hariri, lulu, fundo, lulu, fundo. Kila baada ya lulu moja napiga fundo, ili uzi ukikatika idondoke moja, zisimwagike zote. Nimeifanya kazi hii tangu meno yangu yote yakiwa yangu.

Mafuriko yaliponichukulia nyumba, nikahamia kwa mwanangu. Yeye ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anafika kubadilisha shati tu. Kwa hiyo nilibaki na mkwe wangu, mke wake. Sisemi kwamba tuligombana. Tulikuwa tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya maji, kila mmoja na ndoo yake.

Kisha akaja Mgeni.

Mgeni ni lulu, ukubwa wa goroli, na juu yake kuna kikofia cha dhahabu kilichogandishwa, cha kupitishia mkufu. Waliipa jina hilo kwa sababu, wanasema, haikai kwa mtu. Mzamiaji aliyeitoa chini ya bahari aliificha shavuni, na kwa kuwa alikuwa msemaji sana, ukimya wake ndio uliomfichua. Mfalme akaitwaa. Malkia akaivaa. Mwizi akaimeza, akafungiwa chumbani, walinzi wakakaa wakingoja tumbo lake liseme ukweli. Ikauzwa kununulia farasi wa vita, ikapotea, ikarudi, mwisho ikaingia katika ukoo mmoja na kutulia. Ndivyo ukoo huo unavyosimulia, nami nilisimuliwa hivyo hivyo.

Sasa, lulu si almasi. Almasi waisahau sandukuni mpaka wajukuu wazeeke, ukiitoa inakucheka vile vile. Lulu ikikaa gizani bila mwili wa mtu inasinzia. Sisi watu wa kazi hii tunaamini kwamba dawa yake ni ngozi. Ndiyo maana wenye lulu za kale hutupa tuzivae kwa muda, chini ya nguo, ziamke.

Mgeni alikuwa anatayarishwa kwa maonyesho makubwa ya vito. Angekaa ndani ya kioo, jirani na almasi za wafalme na zumaridi zenye majina yao kama watu. Nikapewa nimvae. Sharti lilikuwa moja: asijue mtu, hata wa nyumbani.

Shingo ikanikaza. Mkwe wangu akaniona nageuka mwili mzima kama kabati. Bila kusema neno alipasha siki, akalowesha taulo, akanizungushia shingoni mpaka kifuani, juu ya gauni, akaanza kunikanda mabega. Mafua yalikuwa yameniziba pua, harufu sikuipata. Na ile mikono, jamani! Tangu mama yangu afariki hakuna aliyenishika hivyo. Nikalala kwa raha kama mtoto.

Siki na lulu ni moto na karatasi. Nilipoamka, Mgeni alikuwa ameparara kama chaki.

Huo ndio wema wa kwanza wa mkwe wangu kwangu. Sikumtaja kwa mtu. Haya, turudi chumbani.

*

"Hii si Mgeni," alisema kijana wa mwenye lulu.

Nasema kijana, lakini ana mvi. Ni kwa sababu mama yake yupo. Sisi wa karakana tunamwita Bwana Tai, maana hata siku ya joto la kukausha mate hawezi kulegeza tai yake. Alikuwa anatembea kutoka meza yangu ya kutungia mpaka benchi la sonara, anageuka, anarudi. Chumba chenyewe ni kidogo. Kila akigeuka koti lake lilipiga taa yangu ya shingo ndefu, na taa ikatikisa kichwa.

"Ni yeye, bwana," nikasema. "Ameungua. Nilijikanda kwa siki, nikasahau kwamba nimemvaa."

"Siki!" Akacheka bila furaha. "Lulu ya malkia imegeuzwa saladi. Mama, umesikia?"

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, mikono juu ya mkoba. Ni mkubwa kwangu kidogo. Alikuwa anatazama dirisha.

Sonara aliichukua lulu, akaisugua kwenye ncha ya jino lake. Lulu ya kweli inakwaruza kidogo, ya bandia inateleza.

"Ni lulu ya kweli," akasema.

"Kweli ndiyo! Lakini ya nani? Aliyoileta au tuliyompa?"

"Tungejua kwa mizani, kama ingekuwa imepimwa zamani."

"Haijawahi kupimwa," Bwana Tai akasema kwa majivuno. "Kwetu mgeni hapimwi mlangoni. Babu alikataa, na babu yake alikataa."

"Basi babu zako wametutia kazini leo," sonara akajibu.

Nilitaka kucheka, nikaona huu si wakati. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga mafundo kwenye pindo la kanga bila kuagizwa.

Sonara akaona. Ni mtu wa maneno machache na masharubu mengi. Alinisogezea glasi ya maji, akajifanya anasogeza koleo, kisha akaniinamia: "Nimempigia simu mtu wa kwako aje. Usirudi nyumbani peke yako leo, bibi."

Mtu wa kwangu wa kuja alikuwa mmoja tu, na ndiye niliyekuwa namficha.

"Njia ipo," sonara akasema kwa sauti. "Tumwite Mzee Kucha aimenye."

Bwana Tai akasimama. "Aimenye? Chungwa hilo?"

"Lulu ina ngozi juu ya ngozi. Ya juu ikifa, mwenye mkono mwepesi anaweza kuiondoa. Kama chini yake kuna ule mwanga wa Mgeni, bibi hana kosa na maonyesho yako yapo."

"Na kama hakuna?"

"Basi tutakuwa tumejua."

"Isimenywe."

Tuligeuka wote. Ilikuwa sauti ya mwenye lulu, ndogo, kavu.

"Mama, kwa nini?"

"Imekufa, imekufa. Izikeni. Fundi huyu aende zake."

Hapo ningenyamaza, ningerudi kwa mwanangu kuugulia shingo. Lakini fikirini. Kesho kila duka la vito mjini lingesema: yule bibi mtunga lulu, mikono yake ina gundi. Nimeshikishwa vidani vya watu maisha yangu yote kwa sababu ya jina langu tu. Nikiinuka pale bila kusafishwa, ningeinuka bila jina.

Nikainuka kwenye kigoda, nikamwendea, nikapiga magoti mbele yake. Magoti yalilia kama bawaba.

"Dada," nikamwambia, "ruhusu. Wewe unaona ngozi ya lulu. Mimi jina langu liko chini ya hiyo ngozi."

Alinitazama. Macho yake hayakuwa na hasira hata chembe, na hilo lilinishangaza. Aliyeibiwa hukasirika.

"Inuka," akasema. "Sakafu ina baridi." Na yeye mwenyewe akanishika kiwiko kuniinua. Kisha akamwambia mwanawe: "Fanyeni mnavyotaka."

*

Mzee Kucha ana chumba chake ghorofa ya juu. Anaitwa hivyo kwa sababu ya ukucha wa kidole gumba, mrefu, anaoutumia kuhisi lulu kabla ya kuigusa na chuma. Alishuka na kisu chake chembamba, akavuta taa yangu, akaibana lulu kwenye kibano cha mbao, akaipapasa.

"Nani alikuogesha kwa siki, mwanangu?" akaiuliza lulu. Sisi hakutusalimia.

"Itapona?" Bwana Tai akauliza.

"Lulu ni kama kitunguu, bwana. Tofauti ni kwamba hapa anayelia ni mwenye mali. Kaa chini, unanitikisia meza."

Bwana Tai hakukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Kisu kikaanza. Hakikutoa sauti kubwa kuliko mtu anayejikuna kwenye chumba cha pili. Vumbi jeupe likadondoka kwenye kitambaa. Vipande vidogo vikafuata, vyembamba kama magamba ya dagaa.

Kisha Mzee Kucha akapuliza, akaigeuza kwenye taa.

"Mtazameni," akasema.

Ulikuwepo! Ule mwanga wa maziwa na waridi kidogo, unaotoka ndani kama mtu amewasha taa nyuma ya pazia. Nilimjua kama unavyomjua mtoto uliyembeba. Machozi yakanitoka, nikayafuta na lile pindo la mafundo.

"Mgeni amerudi," sonara akasema, akanipiga bega.

Bwana Tai aliinamia meza mpaka tai ikagusa vumbi la lulu. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Bibi," akasema, "nadhani… yaani, nilisema maneno…"

"Maneno ni upepo, mwanangu," nikamwambia. Nilikuwa na furaha ya kumsamehe hata aliyenizamishia nyumba.

Tungeishia hapo, leo ningekuwa nawasimulia kitu kingine.

"Kuna doa," akasema Bwana Tai.

Lilikuwepo, dogo, karibu na kikofia.

"Liache," Mzee Kucha akasema. "Ikivaliwa halionekani."

"Litakaa chini ya taa za maonyesho, mzee. Watu watakuja na lenzi. Liondoe."

"Mwana," akasema mwenye lulu, na safari hii alikuwa amesimama. "Mwambie aache."

"Ni mkwaruzo mmoja tu, Mama!"

Mzee Kucha akamtazama mama, akamtazama mwana. Aliyekuwa anamlipa ni mwana. Akaweka kisu.

Mkwaruzo mmoja. Kipande kikaruka.

Mzee Kucha hakupuliza. Aliweka kisu chini taratibu, akavaa lenzi yake jichoni, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Nini?" Bwana Tai akauliza. "Nini, mzee?"

"Kuna mtu ndani."

Sonara akachungulia, kisha akanipisha mimi. Chini ya ngozi ile ya mwanga palikuwa na kitu kingine kabisa: goroli nyeupe, imekufa rangi, ina mistari mistari kama ubavu wa kombe. Lulu iliyojizalia yenyewe haina goroli. Hiyo ni ya lulu ya shambani. Watu humfuga chaza, humtilia goroli ya kombe tumboni, naye kwa maumivu yake huizungushia mwanga. Lulu ya kweli, ndiyo. Lakini chaza wa kufugwa ni mambo ya juzi. Enzi za yule malkia hakukuwa na mfugaji wala goroli.

"Huyu hajawahi kuona sikio la malkia," Mzee Kucha akasema. "Huyu labda hata bibi yangu anamzidi umri."

Nilisikia tai ikilegezwa. Mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kwa hiyo ulibadilisha," Bwana Tai akaniambia, polepole, na ule upole ulinitisha kuliko kelele. "Ukatafuta ya shamba iliyo sawa kwa ukubwa. Ukaiunguza makusudi na siki tusiitambue. Ukalia hapa na kupiga magoti. Na mimi nusura nikuombe radhi!"

"Bwana, mimi…"

"Simu yangu iko wapi? Nani ameona simu yangu?"

"Iko mkononi mwako," sonara akasema.

*

"Tokeni nje," akasema mwenye lulu. "Wote. Niachieni fundi."

"Mama, huyu ni mwizi."

"Basi atakimbilia wapi, dirisha lina nondo? Toka."

Walitoka wakaenda dukani mbele. Mlango ukafungwa. Alivuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akaiokota lulu na kuifunika kiganjani, kama mtu anayemziba mtoto masikio.

"Ndugu yangu," akaniambia. Mpaka hapo alikuwa ananiita fundi. "Hukubadilisha kitu. Najua."

Nikakitazama kile kiganja kilichofunika lulu.

"Mama mkwe wangu aliniita akiwa kitandani kufa. Akanivisha hii, akaniambia: Mgeni alishaondoka zamani, mwanangu. Wewe tunza kiti chake. Sijui nani alimuuza, wala kwa shida gani. Hata yeye aliambiwa tu na mkwe wake. Wanaume wa nyumba ile hawajui. Wanatembea vifua mbele kwa ajili ya lulu, nasi wake zao tunaibeba shingoni tukijua."

"Na mwanao?"

"Mwanangu amejijenga juu ya Mgeni kama nyumba juu ya msingi. Akijua, ataporomoka. Unamwona alivyo. Hawezi hata kukaa kitini." Akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa baridi. "Sema ulibadilisha. Nitakusamehe mbele yao wote. Polisi sitawaruhusu waguse hata pindo lako. Kula na kulala kwako mpaka mwisho kutakuwa juu yangu, kwa Mungu naapa."

Nisiwadanganye, sikumchukia. Nilimwona alivyo: mke wa mtu aliyekabidhiwa mzigo na mama mkwe, akaubeba bila kulalamika mpaka mgongo ukapinda. Ningekuwa na kitu kingine cha kumpa ningempa.

"Dada," nikasema, "sina nyumba. Sina kidani. Nikisema niliiba, wajukuu zangu wataitwa wajukuu wa nani?"

"Kwa hiyo utaniumbua."

"Sijasema hivyo. Siri yako haitatoka kinywani mwangu. Ni yako, uiseme wewe, siku utakayoweza. Lakini wizi siukubali. Waniite mwongo, waniite mzembe, wanifukuze. Wasiniite mwizi kwa ulimi wangu mwenyewe."

Nje nilisikia viatu vya Bwana Tai, huku na huko, huku na huko.

"Niahidi hilo la siri."

"Nakuahidi."

"Kwa mwanao aliye barabarani."

Hapo nilisita. Mtu mwenye mwana dereva haapi ovyo. Lakini alikuwa analia, mwanamke wa umri ule, bila leso, nami nikampa pindo la kanga yangu.

"Kwa mwanangu aliye barabarani," nikasema.

Tuliinuka pamoja, tukishikana kama wazee wawili wanaovuka mtaro. Niliona pumzi imenirudia. Nitashinda au nitashindwa, nikajiambia, lakini nitalala usingizi wangu. Nikavuta komeo.

Dukani, katikati ya makabati ya vioo, alikuwa amesimama mkwe wangu.

Alikuja mbio, ilionekana. Kiatu kimoja cha nyumbani, kimoja cha kutokea. Mikononi kashika sweta langu. Bwana Tai, bila shaka amekwisha kumsomea mashtaka yangu yote, alikuwa mbele yake, simu sikioni. Sonara ameduwaa. Mzee Kucha anatazama chini.

"Rudia," Bwana Tai akasema. "Rudia wasikie."

Mkwe wangu hakunitazama.

"Mama hana kosa," akasema. "Alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyemvua hiyo lulu shingoni. Nikaweka nyingine."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Hata hakujua nimeivaa! Wewe mtoto, lulu uliijulia wapi?"

"Mama, nyamaza. Nimeshasema."

"Ya kwetu iko wapi?" Bwana Tai akamuuliza.

"Nimeuza."

"Kwa nani?"

"Simjui. Mtu tu."

Sauti yake ilitetemeka kama ya mtoto anayejibu swali ambalo hajafundishwa. Kipofu angejua anadanganya. Lakini Bwana Tai alikuwa anatafuta mwizi, si ukweli, na mwizi amejileta kwa miguu yake, na viatu viwili tofauti.

"Njooni haraka," akasema kwenye simu. "Amekiri."

Nikamgeukia mwenye lulu. Nilijua atasema. Niliona machozi yake dakika ile ile, yalikuwa bado yamelowesha pindo langu. Mama wa watu hawezi kumwona mke wa mtu, asiye na hatia, anafungwa kwa ajili ya goroli ya kombe.

Alikuwa amenyooka. Mkoba mkononi, uso mkavu.

"Mshukuru Mungu, mwanangu," akamwambia Bwana Tai. "Tumempata."

Nikafungua mdomo. Vidole vyake vikanibana kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikudhani anayo, na pumzi yake ikanigusa sikio.

"Uliniahidi," akaninong'oneza. "Kwa mwanao aliye barabarani."